Miti ya mkebe ya Babu, na zawadi iliyokataa kutoka uani

Niaje wakuu,

Wengi humu mnanijua kama yule wa kuuliza "source iko wapi?" kwenye kila uzi. Leo mimi ndiye nina kisa. Ni cha kwetu Kambi Muru, Kibra, hapa Nairobi, na sijakitia chumvi.

Babu yangu alikuwa na miti midogo. Si miche. Mti mzima, shina nene lenye makunyanzi, matawi yaliyojipinda, na wote unaingia ndani ya mkebe. Dunia inaiita bonsai. Babu hakulijua neno hilo mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akaziangalia, akanirudishia.

"Hawa wana vyungu vizuri," akasema. Basi.

Yeye aliiita miti ya mkebe. Ilijaza ukuta mzima wa ua, juu ya rafu za mbao. Mkongwe wao ulikuwa mkuyu, ndani ya debe la mafuta ya taa lililoliwa na kutu.

Huo aliupanda baba yake, enzi za mkoloni.

Kwa wasiojua, sisi ni Wanubi. Wazee wetu walikuwa askari wa Mwingereza waliotoka Sudan. Walipomaliza kazi walionyeshwa msitu wa Kibra wakaambiwa kaeni hapa. Wakafyeka, wakajenga, wakalima mahindi. Hati ya ardhi hawakupewa. Na mara kwa mara afisa mzungu alikuja kuitisha baraza na kuwakumbusha kwamba wanaweza kuhamishwa.

Babu alisema alikuwa mtoto siku baba yake aliporudi kutoka baraza moja kama hilo. Mzee aling'oa mche wa mkuyu uliokuwa umeota kwenye ufa wa ukuta, akaupanda ndani ya debe. Mkewe akamcheka, mkuyu kwenye debe?

"Wakituhamisha," akajibu, "huu tunaondoka nao."

Nilimwuliza Babu ushahidi uko wapi. Akaniambia niulize debe.

Sasa shida yenyewe. Mti wa mkebe hauna subira. Wakati wa jua kali, usahau siku mbili tu, umekwisha. Na Babu alikuwa amezeeka, kifua kinambana.

Siku ya Idd tumezunguka sinia uani, nikauliza:

"Babu, ukifa nani atamwagilia hii miti?"

Mikono yote ikasimama.

"Wee Mariam!" Baba akafoka. "Mzee anakula hapa, wewe ushamzika?"

"Ni chuo," Shangazi Zamzam akasema. "Walimfunza kila kitu isipokuwa kunyamaza."

Babu aliendelea kutafuna. "Swali si baya. Ubaya ni kuliuliza na wali mdomoni."

Watoto wake ni hao wawili tu, Baba na Shangazi. Shangazi anaishi Kawangware, kwenye ploti yenye ua mzuri, na tangu utotoni alikuwa akimsaidia Babu kupunguza mizizi kila mvua zikianza. Baba naye ana mpango wa kujenga vyumba vya kupangisha kwenye ule ua wa Kambi Muru. Hakuficha.

"Miti sitaitupa," alisema. "Nitaipandisha juu ya mabati."

"Juu ya mabati?" Shangazi akamtazama. "Si uikaange tu na vitunguu."

Babu akaamua kuandika wasia, miti yote iende kwa Zamzam. Tukaenda kwa Maalim wa msikitini, mimi na yeye. Maalim akamwambia haiwezekani, kwa sheria ya Kiislamu mrithi haandikiwi wasia. Zamzam ana fungu lake, kaka yake ana mara mbili ya hilo, na miti itaingia humo humo.

Mimi nikawaka. Mtu hawezi kuamua kuhusu mali yake mwenyewe?

"Anaweza," Maalim akasema. "Akiwa hai. Ampe leo kama zawadi, na kaka mtu aridhie."

Baba akaridhia. Ijumaa moja tukakaa uani na mashahidi. Babu akatamka, "Miti yote nimempa Zamzam." Shangazi akasema, "Nimepokea." Dua ikasomwa, chai na mandazi, watu wakaenda zao.

Na miti ikabaki pale pale ukutani.

Miezi ikapita. Babu anamwagilia, Babu anakata matawi. Shangazi anaona aibu kuichukua. Kila mtu anaamini jambo limekwisha, maana si dua ilisomwa?

Hapo wakuu ndipo tulipokosea. Nilikutana na Maalim, nikamwuliza tu kwa udadisi kama zawadi inahesabika ikiwa aliyetoa bado anaishika. Akashtuka.

"Bado iko kwake? Basi haijakabidhiwa. Akiondoka leo, ni urithi kama viti na masufuria."

Nilipomwambia Babu, alikasirika vibaya. "Unataka niamke nione ukuta mtupu?"

Shangazi akanivuta pembeni. "Wachana nayo, Mariam. Heri igawanywe kuliko kumvunja moyo."

Nikaacha kuuliza. Mimi, wa maswali.

Baada ya wiki kadhaa Babu akanipigia mwenyewe. Nilimkuta ameketi kando ya lile debe.

"Baba yangu aliuweka humu ili ubebeke," akasema. "Mimi nimeishi nao kana kwamba mizizi yake imepita chini ya hii simiti. Ita mkokoteni."

Tulipopita Soko la Toi watu waliuliza bei njia nzima. Debe la mkuyu halikupanda mkokoteni. Shangazi alilipakata kwenye boda mpaka Kawangware.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala nilimpeleka Babu kwa Shangazi. Alisimama mbele ya rafu na mkasi wake, mzee mzima, akisema:

"Mwenye miti, naomba kukata hili tawi."

"Kata tu, Baba," Shangazi alijibu, macho chini. Kila Ijumaa hivyo hivyo.

Mpaka siku moja akashika tawi la mkuyu, la upande wa kushoto.

"Hilo hapana, Baba. Liache lirefuke."

Babu akamtazama. Akarudisha mkasi mfukoni taratibu. Njiani nikamwuliza kama ameumia.

"Leo ndiyo amepokea," akasema.

Alifariki mwaka uliofuata. Hema la msiba lilijaza ua wa Kambi Muru, na masufuria yakapangwa pale pale zilipokuwa rafu. Katikati ya pilikapilika Shangazi akaninong'oneza, "Maji." Nikapanda boda kwenda Kawangware kumwagilia. Urithi ulipogawanywa, miti haikutajwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama una kitu kinachopumua, mti, kuku, njiwa, usiridhike kusema kitakuwa cha fulani. Kitoe mkononi mwako ungali unaweza kukitembelea.

Bado sina ushahidi kuhusu afisa mzungu na baraza. Ila lile tawi la kushoto limerefuka, limepita ukingo wa debe.

Haya, nipingeni. Na kama kwenu kuna mzee mwenye kitu cha namna hii, mmeshamwuliza? Alijibu nini?