Fundi Mwaija na Mashine Isiyokojoa

Wewe unayesoma hapa una tabia moja inaniudhi sana. Fundi akija kwako unamwonyesha jikoni, unamwambia "ni hapo," halafu unarudi sebuleni kwenye simu yako. Akimaliza unamuuliza swali moja tu: imepona? Hujui kafanya nini, wala hujawahi kumtazama mikono. Na kitu kikiharibika wiki mbili mbele, wewe ndiye wa kwanza kusema mafundi wa siku hizi matapeli.

Usibishe. Nakujua, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Jumamosi ya juzi nilikwenda kwa mjomba wangu, Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, na makala ilishaiva kichwani: mafundi feki wa mashine za maji. Nilishapata na mtu wa kumchana. Mwaija Kitwana, mwanamke wa Zinga.

Kisa kilikuwa hivi. Nyumba ya mjomba inatumia kisima cha uani. Kisima cha uani cha mji huu unakijua: hata chai utie sukari vijiko vinne, bado unaonja bahari. Binamu yangu Ummy akachoka kubeba madumu ya maji ya kunywa. Akamwita Mwaija, akafungiwa mashine ya kuondoa chumvi chini ya sinki. Vichujio vitatu vimesimama kama askari, pampu ndogo, kichujio kikuu kimelala juu yao, tangi dogo pembeni, na kibomba chembamba kimechomoza juu ya sinki. Wiki ya kwanza maji matamu, kila mgeni anapewa glasi kwa mbwembwe kama anapewa sharubati. Wiki ya tatu yakaanza kutoka kwa kudondoka, na chumvi imerudi.

Ummy hakumpigia fundi simu. Alirekodi sauti ya sekunde arobaini akaitupa kwenye grupu la Wasap la akina mama wa mjini, watu mia mbili na ushee: "Jamani eeh, yule mwanamke wa Zinga wa mashine za maji msimwite. Katufungia makopo matupu. Bora maji ya kisima, angalau hayajifanyi."

Mpaka jioni wateja wanne walishamwambia Mwaija asije tena. Mji wenyewe ndio huu, ambao ukimtukana mtu sokoni, shangazi yake ndiye anayekuuzia vitumbua. Fundi akishaitwa tapeli kwenye grupu lile, auze spana zake ahame.

Kwa hiyo Jumamosi alikuja mwenyewe, hakuitwa. Pikipiki yake, begi mgongoni, mtandio umefungwa vizuri chini ya kofia ngumu. Mjomba, Mzee Mwinyimvua, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni na tasbihi mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo Zinga?"

"Hatujambo, wanakusalimu sana."

Ummy yeye salamu aliijibu kwa pua. Akamjazia glasi pale pale. "Karibu fundi. Karibu uonje kazi ya mikono yako."

Nilidhani atakataa, au ataanza kujitetea. Alipokea kwa mkono wa kulia, akapiga bismillahi, akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni taratibu, akameza.

"Mia tisa," akasema.

"Mia tisa nini?" nikamuuliza.

Mwaija akafungua begi. Akatoa kipimo, kitu kama kalamu nene, akakichovya kwenye glasi. Kikasoma mia tisa na kumi na mbili.

Namba ile ni ya chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Kisima cha mjomba kinasoma elfu moja na mia nane. Siku aliyofunga mashine, maji ya kunywa yalisoma sitini. Sasa mia tisa, yaani nusu ya kisima. Lakini mimi si hiyo iliyoniacha mdomo wazi. Kwa ulimi! Nikatoka mbio hadi kwa jirani, nikaleta kikombe cha maji ya bomba, sikumwambia yametoka wapi. Akaonja. "Mia tatu na kitu. Bomba hilo." Kipimo: mia tatu na arobaini.

Ummy akacheka kwa kebehi. "Binamu, umeshapata mganga."

"Wewe nyamaza, ulimi wako unajua kusema tu," nikamjibu.

Ulimi wa Mwaija una historia. Baba yake Mwaija alikuwa mchimba visima kule Zinga. Akifika maji, alimwita bintiye ayaonje kabla mwenye kisima hajafika. "Baba alitafuna tumbaku tangu ujana, ulimi wake ulishakufa," aliniambia. "Akawa anaazima wangu." Akiwa na miaka minane alishajua kisima kipi kitageuka chumvi kiangazi na kipi kitadumu. Alipokua akaenda kufanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufukweni. Hoteli ilikuwa na mashine kubwa ya kuondoa chumvi, na kila mwezi fundi alitoka Dar kuihudumia. Fundi alihitaji mtu wa kushika tochi.

"Nimeshika tochi miaka miwili," alisema. "Mwaka wa tatu nikamwambia, kaka, leo nipe spana, tochi ushike wewe."

Chuo hakwenda. Yaliyobaki kajifunza Yutubu na kwa kuharibu mashine yake mwenyewe mara tatu. Leo anahudumia nyumba kuanzia Zinga mpaka mjini, na nyingine moja moja njia ya Msata. Kila baada ya miezi sita anapita kubadilisha vichujio vya mwanzo, na hasubiri kukumbushwa.

Turudi jikoni. Mimi nilitegemea atoe spana, afungue, apige nyundo, si ndivyo mafundi wanavyofanya? Mwaija alifungua kabati la chini ya sinki, akawasha pampu, akasema, "Naomba tunyamaze kidogo." Akapiga magoti, akaweka sikio. Jikoni kimya. Pampu inanguruma. Nusu dakika, dakika.

Akanigeukia akaninong'oneza, maana mzee yuko karibu: "Inakunywa, haikojoi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Mashine hii si kama kitambaa cha kuchujia tui, kwamba maji yote yanapita na uchafu unabaki. Pampu inayakandamiza maji kwenye kichujio kikuu, matamu yanapenya, chumvi inakataliwa inabaki nje. Sasa hiyo iliyokataliwa lazima isombwe iondoke, na kinachoisomba ni maji mengine, yanayotokea kwenye mpira mwembamba mweusi kwenda kwenye bomba la maji machafu. Ukisikiliza unayasikia yakitiririka. Mpira ule ukiziba, chumvi inajikusanya mlangoni mpaka kichujio kinazidiwa.

"Mbona kichujio chenyewe sikielewi?" nikamwambia. Akafungua begi, akanipa kimoja kilichokufa, kimepasuliwa ubavuni. Ni karatasi nyembamba tu, nyeupe, imeviringishwa kama mkeka mpya wa dukani. Nikaikunjua. Nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha nione matundu. Hakuna tundu. Nikaimwagia maji, hayapiti.

"Matundu yapo," akasema. "Ila macho yako hayakuumbiwa hayo. Maji yanapita kwa kulazimishwa, chumvi haipiti hata ulie."

Jamani. Chumvi iliyoyeyuka! Ukiikoroga kwenye glasi huioni, huwezi kuidaka kwa kitu chochote cha jikoni kwako, na karatasi laini kuliko kanga iliyochakaa inaijua na kuirudisha. Nilisema subhanallah peke yangu. Miaka yote nanywa maji sijawahi kujiuliza maji ni nini.

Mwaija akalala chali, kichwa ndani ya kabati. Akanipa tochi. Ule mpira mweusi ukapita nyuma ya tangi dogo, ukapotea gizani. Akausogeza kwa kidole, na sote wawili tukaona.

Mpira ulikunjwa mara mbili ukafungwa kwa uzi wa nyavu. Na wala haukufungwa ovyo: mizunguko sita, kila mmoja umelala kando ya mwenzake kama umepimwa, ncha imefichwa ndani. Fundo la kufungia mzigo chombo kisije kikapinduka. Katika nyumba ile mwenye mikono ya kufunga vile ni mmoja tu, naye alipanda vyombo vya mizigo miaka thelathini, Pangani na Unguja.

Nyuma yetu tasbihi ilikuwa imenyamaza.

"Mmeona nini huko?" Ummy akauliza. Simu mkononi, tayari kurekodi sehemu ya pili.

Nataka uelewe pale palivyokuwa. Wateja wanne wameondoka. Jina limechafuka mji mzima. Na ushahidi wa kumsafisha uko mbele ya pua yake: sentensi moja, "dada, kaulize baba yako," basi, kashinda. Lakini ni kumwambia binti wa watu, mbele ya mzee mwenyewe, ndani ya nyumba yake, kwamba aliyeharibu ni yeye.

Mwaija akatoa wembe, akakata uzi, akautia mfukoni. Akatoka chini ya kabati akajifuta mikono.

"Mpira ulikuwa umebanwa," akasema.

"Umebanwa na nini?"

"Umebanwa tu, dada."

"Na nani? Si wewe uliyeuweka huko?"

"Ni mimi. Basi kosa langu. Ningeuelekeza kwingine."

Mimi nilishafungua mdomo. Akanikanyaga kidole cha mguu kwa kiatu chake cha kazi, nikaufunga.

"Umesikia?" Ummy akaniambia. "Kakiri mwenyewe. Andika!"

Mwaija hakumjali. Akachomoa kichujio kikuu, akakilaza kwenye ndoo ya maji yenye unga wa ndimu, ule ule wa kupikia, aliokuwa nao kwenye begi. Akasema kikae saa moja, chumvi iliyoganda ilegee. Halafu akavuta kigoda akakaa chini ya kiti cha mzee, chini kabisa, kama mtoto anayeleta shida yake.

"Baba, nataka ushauri wako."

"Ushauri gani?" Sauti ya mjomba ilikuwa kavu.

"Mashine hizi zina ubaya mmoja. Kila ndoo moja ya kunywa, zinamwaga tatu. Mimi mwenyewe roho inaniuma. Nisipomwaga, mashine inakufa. Nikimwaga, naona israfu. Nyumba zingine hawajali, ila hapa nimeona niulize. Yale ya kumwaga niyapeleke wapi?"

Mjomba akauliza: "Ni tohara?"

"Hayajaguswa na kitu, baba. Ni ya kisima yale yale, chumvi imezidi tu."

"Chumvi haiharibu udhu. Bahari yenyewe maji yake tohara, maiti wake halali." Akageukia uani. "Pale ninapotawadhia pana pipa tupu."

"Mpira unafika pale, baba."

"Basi upeleke."

Akaupeleka. Akatoboa kitundu pembeni ya dirisha, akaulaza mpira ukutani mpaka kwenye pipa. Saa moja ilipotimia akarudisha kichujio, akawasha. Safari hii tuliyasikia yakitiririka uani, chiririri, na mjomba akainuka akaenda kuyatazama. Maji ya mwanzo kwenye kibomba Mwaija aliyamwaga yote. Baadaye akajaza glasi. Hakutumia kipimo, akampa mzee.

"Ngapi?" nikauliza.

"Subiri anywe mwenye nyumba." Mzee akanywa, kisha Mwaija naye akaonja. "Sabini na kitu." Kipimo kikasema sabini na nne.

Akaanza kukusanya spana zake. Kafanya kazi, kosa kabeba, wateja wamekwenda. Alikuwa anavaa begi mjomba aliposema, "Ummy, lete simu yako."

"Ya nini, baba?"

"Lile baraza lenu la wanawake. Nionyeshe pa kusemea."

"Baba, humo hawaingii wanaume!"

"Maneno yako yalitokea humu ndani kwangu yakaingia. Bonyeza."

Ummy akabonyeza. Mjomba akaishika simu mbali na mdomo kama bakuli la uji wa moto, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Asalaam aleykum akina mama. Mimi Mwinyimvua, baba yake Ummy. Mashine ya maji niliifunga mimi, kwa uzi. Kwenye chombo tulikuwa tunapewa kikombe kimoja kwa siku, nikaona maji yanamwagwa, nikashindwa kuvumilia. Sikuuliza. Fundi kaona fundo langu, kalificha, kasema kosa lake. Si lake. Huyu binti ni fundi, na ana adabu kuliko mimi na mwanangu. Wasalaam."

Grupu likawaka. Mwenyekiti wao, Bi Wahida, akaandika: "Jitandeni, kaingia mwanamume!" Mwingine: "Nahodha, tumekusikia mpaka Kaole." Ummy alisimama pale uso umemshuka, kisha akamshika Mwaija mkono. "Dada, nisamehe. Nilipaswa kukupigia kwanza."

"Yamekwisha," Mwaija akasema. "Ila miezi sita nitakuja. Na mpira usiguswe." Akamtupia mzee jicho la upande, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Wateja watatu kati ya wale wanne wamerudi. Wa nne yuko Fukayosi, hayumo kwenye grupu lile. Sauti ya Ummy ilimfikia kwa kutumiwa na mtu, aliyetumiwa na mtu. Ya mzee haijamfikia. Ndivyo mlivyo: sauti ya kutukana ina miguu, ya kusafisha inalala pale pale ilipozaliwa.

Kwa hiyo nakuomba, na wala sikubembelezi. Fungua simu yako sasa hivi. Kama unayo ile sauti ya Ummy ya sekunde arobaini, tazama ulimtumia nani. Mtumie na maneno haya ya Mzee Mwinyimvua, mtu huyo huyo, leo leo. Halafu ile ya kwanza ifute.