Mashine ya Ubongo na Kibanja cha Izigo

Siku nilipopasuliwa uvimbe wa kizazi hospitalini Bukoba, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alitoka Izigo alfajiri akidai anakuja kuniombea. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akiniombea hata mafua yapone. Mimi ni mjane mwenye binti mmoja, na kibanja cha migomba na kahawa alichoniachia mume wangu kinamkosesha raha huyo bwana.

Daktari wa usingizi alinibandika waya kwenye paji la uso. "Mama, hizi zinatuonyesha ubongo wako unavyolala. Moyo ukipunguza mwendo, tutajua kama kichwa kinaathirika." Nikamwambia apunguze maelezo, aongeze dawa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti yangu. Upasuaji ukiendelea, mapigo ya moyo yalishuka. Walinidunga dawa, yakapanda, na kwenye mashine ubongo ukaonekana umelala vizuri tu. Walipomaliza, daktari akatoka kuwaeleza ndugu. Shemeji alimsikiliza kofia mkononi, kisha akauliza kwa unyenyekevu wa Kihaya, "Waitu daktari, hiyo mashine ya ubongo imeonyesha kibanja anamwachia nani?"

Daktari akamjibu kwamba mashine haisomi mawazo.

"Basi ya kazi gani?" akasema shemeji, akatoka kwenda kupiga simu. Kama nitaamka au la, hakuuliza.

Nilirudi Izigo kidonda kikiwa bado kibichi. Kuanzia kwenye kaburi la mume wangu hadi barabarani nilikuta milamula, ile mimea tunayopanda kwenye mipaka, imekikata kibanja changu katikati. Wenzake wa ukoo walipopigiwa simu kwamba moyo wangu umeshuka, walishika majembe. Habari kwamba ulipanda tena haikuwafikia, au iliwafikia wakaona ni usumbufu. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na kisu.

Jioni shemeji akaja na mkungu wa ndizi, uliokatwa kwenye migomba yangu mwenyewe. "Pole, shemeji. Mungu mkubwa."

"Mkubwa sana," nikamjibu. "Na lile swali ulilomuuliza daktari nalijibu mimi, niko macho. Kibanja ni cha huyu." Nikamwonyesha binti yangu.

Mimi na binti yangu tukaenda kung'oa milamula, yeye kwa jembe, mimi kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia mshono.