Theluji ya Bibi na Wadi la Mchana

Nyumbani kwetu Mawaleh, pembeni mwa Maskati, kituo cha hali ya hewa kilikuwa kwenye kochi la bibi, kando ya simu. Majira ya baridi yakiingia, alikusanya khabari za mvua kama wengine wanavyokusanya khabari za harusi. Asubuhi alimpigia shangazi wa Qurum amwambie bahari imeamkaje. Kisha alimpigia shangazi wa Nizwa, anayeishi karibu na milima. Jioni alimsikiliza mtabiri wa televisheni, akatufasiria Kiarabu chake kwa Kiswahili, ingawa sote tulikuwa tumemsikia.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, simu ya Nizwa ililia kabla hatujanywa chai. Bibi alisikiliza, akaweka mkono kifuani.

"Theluji! Jabal Shams kumekuwa kweupe pe!"

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima, na maisha yake yote hakuwahi kuiona. Miguu haikumruhusu safari ndefu. "Nileteeni japo konzi moja," alisema. "Nnataka kuishika tu."

Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, sina kazi ya kudumu, na nikisikia neno safari huwa nimeshashika funguo. Tabia hiyo sijaiacha. Nimekaa miji mingi tangu hapo na hakuna niliomaliza nao miaka mitatu. Mama naye akasema anakwenda. Mjomba, mdogo wake mama, akaleta sanduku la plastiki alilokuwa akiwekea samaki, akalisugua kwa ndimu.

"Mtu wa televisheni kasema mawingu yatarudi mlimani mchana," bibi alituonya. "Mshuke mapema."

"Mama, huyo anatabiri yumo ndani ya kiyoyozi," mjomba alimjibu. "Sisi tumekulia masika. Mvua tunaijua."

"Unaijua wewe? Si ulikuwa ukijificha uvunguni?"

Tuliikuta theluji juu, si nyingi, imelala kwenye vivuli vya mawe kama unga uliomwagika. Watu walikuwa wakiikwangua kwa mikono na kuirundika juu ya boneti za magari yao. Mjomba aliizoa kwa bakuli la biriani, akajaza sanduku, na mama akalifunga kwa shuka. Tulichelewa kidogo. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Tuliposhuka chini jua lilikuwa linawaka. Nyuma yetu, mlima ulikuwa umeingia katika wingu jeusi. Mbele, barabara ilizama ndani ya wadi, korongo kavu lenye mawe yaliyotapakaa juu ya lami, na nguzo za rangi nyekundu na nyeupe za kuonyesha kina cha maji. Nilisimamisha gari.

"Mbona umesimama?" mama aliuliza. Alikuwa nyuma, amelikumbatia sanduku.

"Mama, tazama kule mlimani."

"Kule ni kule. Hapa juu yetu pana wingu?"

Hapakuwa na hata moja. Na kosa letu, sisi watu wa kisiwani, lilikuwa hilo. Kwetu mvua ni ile inayokulowesha. Tulikuwa na miaka mingi Omani, lakini bado tukihisi khatari tulitazama utosini, wakati huku maji husafiri bila mvua yake.

"Mawe haya yatatoboa tangi," mjomba alisema. "Ngoja niyaondoe." Akashuka, akakunja kanzu hadi magotini, akaingia ndani ya wadi akiyasukuma kwa mguu, makubwa kwa mikono. Alikuwa ameshapita katikati niliposikia mlio, kama malori yanamwaga kokoto mbali.

Mama aliufahamu kabla yangu. "Rudi! We, rudi!"

Mjomba alinyanyua kichwa. Akatazama juu, mbinguni, akiitafuta mvua. Sitausahau ule uso uliogeukia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kisha maji yakatokea kwenye kona, ya udongo, yamebeba matawi na mpira wa gari. Mjomba alikimbilia upande wa pili, kanzu ikamkwama, akaanguka, na wadi likafunga barabara mbele yetu. Mama alifungua mlango. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalia, na hata hivyo sikumwachia. Tulikuwa tunatazama maji tu.

Hatimaye nikaiona kanzu, imejaa tope, juu ya jabali ng'ambo. Alikuwa anapunga kofia.

"Mpumbavu mkubwa wewe!" mama alipiga kelele huku machozi yanamtoka. "Baradhuli!" Mjomba hakusikia chochote. Aliweka mkono moyoni, akidhani anaombewa dua.

Pikapu moja upande wake ilimchukua. Kabla hajapanda, alitia ngumi sikioni: atapiga simu. Sisi tukangoja. Magari yakapanga foleni nyuma yetu, watu wakashuka na thermosi zao kulitazama wadi, kama ilivyo desturi. Mama alikataa chai ya kila mtu. Alilisogeza sanduku kivulini, basi.

Maji yalipopungua tulivuka, tukamkuta mjomba Nizwa kwa shangazi, amejifunga kanga. Alikuwa ameshampigia bibi. "Nikamwambia mimi nimeokoka," alisema. "Akaniuliza, na wenzio? Nikasema wamebaki kule na wadi. Hapo simu ikakatika."

Mama akamwambia shangazi ampigie bibi upesi. Shangazi alipiga tena na tena. Simu ya bibi ilikuwa inatumika. Ya Qurum ilijibu kwamba nao hawampati. Tukaingia garini, watu watatu, tukarudi Mawaleh mbio.

Tulifika Maghrib inaadhiniwa. Bibi alikuwa kwenye kochi, mkono wa simu mapajani, hajaurudisha mahali pake tangu mchana. Hakulitazama sanduku. Alitutaka mikono, mmoja mmoja, akaushika kila mmoja muda mrefu, wa mjomba akaufinya kwa kucha.

Ndipo mjomba akafungua kifuniko. Yalibaki maji yenye michanga, na vipande vichache kama sukari guru. Bibi alitumbukiza mkono hadi kiwiko.

"Baridi bado imo," alisema.

Akaukausha mkono kwa upande wa kanga, akarudisha mkono wa simu, akaunyanyua tena na kupiga Qurum. "Mawaleh kukavu," aliripoti. "Wote wamo ndani."