Picha ya Mama Kwenye Disketi

Mwaka huo miguu yangu haikujua kutulia. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani Kisumu Ndogo, kule Kibera, nikimsaidia mama kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikikaa nilitaka kusimama, nikisimama nilitaka kwenda. Kisha nikasikia kwamba kwenye kituo cha Kawangware 46, juu ya duka la misumari na mabati, kuna mtu anafundisha kutengeneza kurasa za intaneti. Intaneti yenyewe sikuijua. Nilichojua ni kwamba haikuwa na harufu ya omena, na hilo lilinitosha.

Zamu ya mama ya kupokea pesa za chama chao cha kuchangiana ilipofika, akanilipia miezi mitatu. Lakini aliniwekea sharti.

"Magoti yangu yameisha," aliniambia. "Hiyo miezi ikiisha nitakuja mwenyewe nione ni kitu gani unafanya huko. Kama hakuna kitu, Jumatatu unashika meza ya omena."

Basi kila asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikavuka Ngong Road, nikapita Riruta Satellite nikitembea kama mtu anayefukuzwa, ili nifike niketi kwenye benchi nisubiri. Kompyuta zilikuwa nne, sisi tulikuwa kumi na wawili. Ukipata nusu saa ya kibodi, saa nzima inayofuata ni ya kalamu: unaandika ukurasa wako kwenye daftari, mstari kwa mstari, hadi zamu yako irudi. Niliichukia ile kalamu kwa moyo wangu wote.

Mwalimu alikuwa mtu mpole kutoka upande wa Kakamega. Aliwahi kufundisha shule ya msingi, na kompyuta alitufundisha vilevile, kwa kuitikia.

"Ukifungua?" alikuwa akiuliza.

"Unafunga!" tulikuwa tukijibu sote, watu wazima na ndevu zetu na lesso zetu.

Maana yake ni kwamba ukiweka alama ya kuanzisha maandishi mazito, lazima uweke ya kuyamaliza. Mimi nilifungua tu. Nilikuwa na haraka ya kuona. Ukurasa wangu wa kwanza ulinenepa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na mwalimu akasimama nyuma yangu akicheka polepole.

"Wewe dada, unakimbilia wapi?"

Nilikuwa nakimbia tu.

Kwa sababu mashine zilikuwa za wengi, ilikuwa marufuku kuacha kitu chako ndani. Kazi ya kila mtu ilikaa kwenye disketi yake, akija nayo asubuhi na kuondoka nayo jioni. Yangu niliifunga kwenye karatasi ya nailoni niliyoitoa mezani kwa mama, na wenzangu wawili wa mashine walilalamika kwamba kompyuta yetu inanuka samaki. Niliwaambia wazibe pua.

Niliamua kutengeneza ukurasa wa biashara ya mama. Nilikuwa na picha yake moja akiwa nyuma ya meza, beseni limejaa, ameikazia kamera macho. Mwalimu aliipitisha kwenye skana, akaniwekea kwenye disketi. Siku nilipoandika ule mstari wa kuita picha na mama akatokea kwenye skrini, niliruka kutoka kwenye benchi na wenzangu nusura waanguke.

Alhamisi ya mwisho tuliambiwa tunakili kurasa zetu kwenye mashine ya mwalimu, kwani kesho yake wazazi wangekuja kuziona. Nilinakili ukurasa, nikachomoa disketi yangu kama kawaida, nikaondoka. Picha sikuigusa. Ya nini, wakati nilikuwa nimeiona kwa macho yangu imekaa ndani ya ukurasa, kama picha uliyoibandika kwa gundi kwenye daftari?

Ijumaa mama alikuja na kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa amepanda ngazi moja moja, ameshika ukuta. Mwalimu alifungua ukurasa wangu. Kichwa cha habari kilitokea kikubwa, "Omena Safi ya Mama", na chini yake kisanduku cheupe chenye alama ndogo nyekundu ya X.

Mama alisogea karibu.

"Mimi niko wapi?"

Mzazi mmoja alicheka. Nilisikia aibu hadi masikioni. Mwalimu alinitazama, na nikaona kwamba yeye anajua na hanisaidii. Nikakaa kwenye kiti chake bila kuombwa. Nikafungua maandishi ya ukurasa, nikayasoma mstari kwa mstari, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja. Ule mstari wa picha ulikuwa unaituma mashine iende kumtafuta mama kwenye disketi. Na disketi ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilimwaga mkoba mezani. Nikaichomeka disketi, mashine ikakoroma, nikaupakia ukurasa upya. Mama akaanza kuja: kitambaa, paji la uso, macho, na mwisho kabisa beseni. Alijitazama muda mrefu. Mimi niliongea, nikaongea, nikaeleza hadi mate yakanikauka. Yeye alimshukuru mwalimu, akaanza kushuka ngazi.

Tulipofika Satellite magoti yalimshinda, akaketi kwenye jiwe mbele ya kioski. Mimi nilisimama. Zilibaki siku mbili tu nishike meza.

"Hiyo picha yangu iko kwa hiyo kitu ya mkoba?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ukienda nayo?"

"Wewe unapotea pale kwenye ukurasa."

Alisugua goti, akasugua la pili.

"Basi Jumatatu rudi huko," akasema. "Meza nitakaa mwenyewe. Usome mpaka ujue vile nitabaki pale hata kama wewe umeenda."

Niliketi chini kando yake, palepale kwenye vumbi.