Moja Moja za Athumani

Nichekeni, maana Mambrui nzima tayari yanicheka.

Ripoti ya mwanangu Athumani ilikuja na moja kila somo. Sisi tuliosoma zamani twajua namba moja ni nani! Nikapiga vigelegele mpaka jirani yangu, Mama Riziki, akatoka nje. Bintiye alipata nne, nne tupu. Masikini, nikampa pole.

"Usijali, shoga. Mlete jioni Athumani amfundishe."

Akanitazama tu, akarudi ndani kwake.

Siku ya mkutano wa wazazi nikabeba sinia la halwa, nikawagawia walimu na wazazi wote, kisha nikasimama kushukuru. Nikataja maziwa ninayompa, dua ninazomwombea, hata ukoo wetu ulivyojaaliwa akili. Mwalimu mkuu alinisubiri nimalize, halwa ingali mdomoni.

"Ahsante, mama. Ila siku hizi hatupangi watoto kwa nafasi. Alama ya juu ni nne. Moja ni ya mtoto anayehitaji kusaidiwa sana."

Mama Riziki akajipangusa vidole taratibu, akaniinamia sikioni.

"Usijali, shoga. Mlete jioni."