Uji wa Kinyanjui

Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Hapana, nakosea, ulikuwa hamsini na tatu, kwa maana vibarua Wakikuyu walikuwa wakitolewa mashamba ya Njoro kwa malori, na Kinyanjui aliletwa hospitali moja ya Nakuru baada ya bibi yake kupakiwa. Tangu hapo akawa anaongea na ukuta.

Khaemba, dresa wa kufunga vidonda, ndiye aliyemzoea. Yeye na wenzake wawili walikuwa na mtindo wao mgonjwa akichafuka akili: mmoja anaongea, mmoja analeta dawa, mmoja anashika mlango. Wakiongea wawili pamoja, mgonjwa hajui amsikie nani.

Asubuhi moja Kinyanjui alinyakua kisu cha jikoni akajibanza pembeni. Askari wa zamu akaja na bunduki. Alisema Mkikuyu mwenye kisu ni Mau Mau, awe mgonjwa asiwe mgonjwa, na akiinuka tu atampiga risasi. Hiram wa chumba cha dawa akasimama mlangoni akimbembeleza: daktari ameenda Naivasha, angojwe, ndiye atakayesema huyu ni mgonjwa wake.

Nesi Jepkoech akakoroga uji, akatia dawa ya usingizi na sukari tele. Khaemba akaubeba, akachuchumaa, akanyoosha mkono.

Kinyanjui hakupokea. Wote watatu walilelewa wakijua kwamba anayekupa kinywaji hukionja kwanza, usije ukadhani ni sumu. Wote watatu walisahau.

"Anza wewe, bwana dresa."

Khaemba akagusisha midomo.

"Huko ni kuonja kwa ndege," Kinyanjui akasema. "Sijapata kuona Mluhya akiogopa uji."

Nyuma yake Khaemba akasikia bunduki ikikokiwa. Akanywa hadi nusu. Kinyanjui akalitazama koo lake likipanda na kushuka, kisha akaweka kisu sakafuni, akapokea kikombe, akakimaliza.

Askari akaondoka, nao wakamlaza. Jepkoech akatoka mbio akapige simu Naivasha, daktari aharakishe. Kazi ya Khaemba ilikuwa kukaa kando ya kitanda, asiache mtu amguse. Alijifinya mapaja, akaimba kwa sauti ndogo, lakini usingizi wa dawa hauna adabu.

Alipoamka jua lilikuwa limegeuka. Kitanda kitupu, blanketi chini. Hiram alikuwa na uvimbe juu ya jicho. Askari walirudi wengi, naye mlango alikuwa akiushika peke yake.

Khaemba alimuuliza Hiram, akamuuliza daktari, akamfuata hata askari yule mpaka kambini. Aliuliza hadi akazeeka: walimpeleka wapi, na usingizi ule wote?