Shuka la Nondo Uani kwa Mama Mkubwa

Mpaka leo nikiona shuka jeupe limetundikwa uani jioni, naikumbuka siku moja kule Mafia ambayo marehemu mume wangu, Mwalimu Idi, alinichosha hadi nikafunga mzigo nirudi kwetu Temeke. Keti, mwanangu, nikusimulie. Wewe unaolewa mwezi ujao na kijana ambaye, nasikia, hatoki uvunguni mwa gari lake bovu, na jana nimekuona umenuna. Hilo la kununa nalifahamu vizuri.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mwalimu alikuwa akifundisha shule moja hukohuko Temeke, mie nimeolewa hata mwaka haujatimia. Shule zilipofungwa, Mama Mkubwa wangu, Bi Rukia, dada yake mama, mjane aliyekuwa akiishi Mafia, akatuita. Alitaka kumwona mkwe wake. Nikafurahi kweli. Nilinunua doti mpya za khanga, nikajiona nimeshakaa barazani kwa Mama Mkubwa na hina mikononi, nakula pweza wa nazi, natembelea jamaa na mume wangu pembeni.

Mwalimu naye akafunga mizigo yake. Nilipoifungua kule kisiwani nikakuta mashati mawili, taa ya karabai, chupa tupu za jamu, daftari, na shuka langu jeupe la harusi.

"Hivi vyote vya nini, Mwalimu?"

"Vya nondo," akanijibu, kana kwamba nimeuliza ndoo ni ya nini.

Nondo, mwanangu, ni wale wadudu wanaofanana na vipepeo, wanaokuja kujigonga kwenye taa giza likiingia. Alifundishwa mambo hayo chuoni, yakamwingia damuni. Nyumbani alikuwa akiwatazama ukutani, nami nikadhani ni mchezo utakaokwisha. Kumbe alikuwa akiisubiri Mafia. Alisema kisiwa huwa na nondo wake, na hao wa pale hakuna aliyewahi kuwaandika vizuri.

Basi kila jioni, watu wakitoka kusali magharibi, anatundika shuka uani kati ya mipapai miwili, anawasha karabai, anakaa kwenye kigoda. Wageni waliokuja kumwona bwana harusi walisalimiwa kwa kisogo. Sinia la wali linapoa. Mie nashikishwa penseli.

"Andika, Tatu. Mbawa za kijivu, doa jeusi kila upande."

Naandika.

"Futa. Si doa, ni pete."

Nafuta. Mara nyingine alibishana peke yake, huyu ni yule wa jana au ni ndugu yake? Nikamwambia nondo ni nondo. Akanitazama kwa huruma, akaanza kunieleza habari za vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani mwao. Nilikuwa nimevaa khanga mpya, mwanangu, na wanja machoni. Hakuona.

Nami sikusema. Nilinuna. Nikawa naweka sahani chini kwa kishindo, najibu "ndiyo" na "hapana" tu, nasubiri aniulize nina nini. Hakuuliza.

Sasa siku hiyo Mama Mkubwa aliamka na homa, akalala ndani kutwa nzima. Majirani hawakumwona kisimani wala shambani. Jioni ikaingia, upepo ukawa mkali, na Mwalimu, ili kuukinga, akatundika khanga zangu pande zote za lile shuka. Tukaingia ndani yake na karabai. Mtu anayepita njiani anaona nini? Uani kwa mjane ambaye hajaonekana kutwa pamezungushiwa nguo, taa inawaka, watu wawili wameinama wananong'ona. Kwetu pwani jambo hilo lina maana moja tu. Maiti anaoshwa.

Tukasikia kilio njiani. Kikafuata kingine. Wanawake wakaingia uani wamefunga khanga viunoni, wamejishika vichwa, mbele yao Bi Mwanahawa, rafiki wa Mama Mkubwa tangu utotoni, analia.

"Rukia, umeniacha na nani?"

Mie nikabaki na penseli mkononi. Mwalimu akainua mkono bila kugeuka.

"Tafadhali, mama zangu, polepole. Mnawatimua nondo."

Wallahi ndivyo alivyosema.

Mlango ukafunguka, Mama Mkubwa akatoka amejifunika blanketi. "Amekufa nani?" akauliza. Bi Mwanahawa kumwona, akaanguka chini. Tukammwagia maji, tukampepea. Alipozinduka akamkumbatia mwenzake, akamlilia upya kwa furaha, kisha akatugeukia sisi kwa hasira. Wanaume walikuwa wameshatoka na majembe kwenda makaburini. Ilibidi wafuatwe mbio.

Asubuhi nikafunga mzigo. Mama Mkubwa akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mwalimu ameoa nondo."

"Umemwambia hivyo?"

"Mtu mzima anaambiwa? Si anaona?"

Akamwita Mwalimu, akatukalisha mkekani, naye homa bado imo mwilini.

"Mkwe wangu," akasema, "yule mdudu wa jana ana rangi gani?"

Uso wa Mwalimu ukang'aa. "Kijivu, Mama, lakini ukimgeuza, tumboni ana manjano iliyoiva."

"Na zile khanga za mke wako ulizozitundika jana kwa mikono yako, zina rangi gani?"

Mwalimu akageuka kuchungulia uani.

"Macho unayo mazuri," Mama Mkubwa akamwambia. "Yatumie na ndani ya nyumba." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Mumeo amesoma vitabu, hajasoma huo mdomo wako uliouvuta. Kinachokukera kitaje siku hiyohiyo. Ungesema mapema, khanga zako zisingetundikwa uani, na Mwanahawa asingenililia nikiwa hai."

Nilitaka kubisha. Mwenye makosa alikuwa Mwalimu, na mpaka leo nasema hivyo. Lakini nikamtolea yote, ya khanga, ya wanja, ya wali uliopoa. Akashangaa. Kweli hakuwa akijua, na hilo lilinikera kuliko yote.

Usidhani aliacha. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na hukohuko akawaeleza watu habari za nondo, wakaanza kumletea ndani ya viberiti. Bi Mwanahawa aliwashinda wote kwa kuleta. Shuka likahamia nyuma ya banda la mbuzi, tena baada ya chakula. Miaka yote tuliyoishi Temeke nyumba yangu ilijaa nondo waliochomwa pini, na sikumpenda hata mmoja. Lakini nikinyamaza jioni, aliacha alichokuwa akifanya akauliza, "Tatu, kuna nini?" Nami nilimjibu. Siku nyingine nilimjibu kwa sauti kubwa sana.

Basi nakuusia, mwanangu. Usiolewe ukitumaini gari litaondoka uani, maana haliondoki. Wala hulazimiki kulipenda. Ila likikukera sema, kwa maneno yanayosikika, siku hiyohiyo, usimwachie mtu kazi ya kukisia uso wako hadi majirani waje kuwaamulia. Naye mwambie bila haya kwamba unataka kutazamwa. Nenda salama. Mungu akupe mume anayeuliza, akupe na ulimi wa kumjibu, na nyumba yenu isikose sauti zenu nyote wawili mpaka uzeeni. Amina.